Mchoro Unaosogea: Ushauri kwa Mwalimu wa Jiometri Mwenye Kompyuta Moja

Swali wanalolileta walimu wa hisabati wa sekondari ni lilelile, ingawa kila mmoja huliuliza kwa namna yake: programu za jiometri kama GeoGebra zitatusaidia nini sisi wenye darasa lililojaa, kompyuta moja, umeme wa kukatika na muhtasari ambao hatujawahi kuumaliza kwa wakati? Wengine wameshaipakua, wakawaonyesha wanafunzi pembetatu yenye rangi za kupendeza, na kipindi kikaisha bila mtu kujua amejifunza nini ambacho ubao usingemfundisha. Ninavyoona mimi, programu hizi zina kazi moja zinayoifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote cha darasani: zinamfanya mwanafunzi akisie jambo, aone makisio yake yakisimama au yakianguka mbele ya macho yake, kisha atake kujua sababu. Zikitumika kuonyesha jibu peke yake, zinageuka ubao wa gharama kubwa. Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na hoja hiyo, na msomaji asiyekubaliana nayo atapata pingamizi zake zimejibiwa mbele kidogo.

Mchoro wa ubaoni unaficha nini

Tazama pembetatu iliyo katika vitabu vingi vya kiada. Imelalia upande wake mrefu, kona ya juu iko karibu na katikati, na pembe zake zote ni kali. Mwalimu anajua kwamba hiyo ni pembetatu mojawapo tu. Mwanafunzi hana njia ya kulijua hilo, maana mchoro haumwambii lipi ni la lazima na lipi limetokea tu kwa mkono wa mchoraji. Ndiyo maana mwanafunzi anayekariri vizuri kwamba kimo hukutana na kitako kwa pembemraba anaweza kushindwa kuchora kimo cha pembetatu yenye pembe butu: kimo hicho huweza kuangukia nje ya pembetatu, na yeye hajawahi kukiona huko. Mtafiti Mfaransa Colette Laborde, aliyefanya kazi Grenoble ambako programu ya Cabri ilizaliwa katika miaka ya 1980, alitenganisha mambo mawili ambayo darasani huchanganywa kila siku: mchoro, yaani alama zilizo kwenye karatasi, na umbo, yaani mahusiano ambayo mchoro huo unayawakilisha. Cabri, kisha The Geometer's Sketchpad iliyotoka Marekani mwaka 1991, kisha GeoGebra aliyoianzisha Markus Hohenwarter akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zote zimejengwa juu ya utengano huo. Ukishika nukta na kuiburuta, mahusiano uliyoiagiza programu iyashike yanabaki, na yale uliyoyakadiria kwa macho yanavunjika.

Hapo ndipo penye faida yote. Mwambie mwanafunzi achore mraba kwa kuweka nukta nne zinazoonekana kukaa sawa, kisha umwombe aburute kona moja. Mraba unageuka pembenne ya ovyo. Hakuna mwalimu aliyemkosoa wala alama nyekundu kwenye daftari, ila amejionea kwamba alichokichora kilifanana na mraba bila kuwa mraba. Atakapokijenga upya kwa mistari ya pembemraba na duara la kupimia pande, atakuwa ametaja sifa za mraba kwa mikono yake.

Kabla hujaingia darasani

- Pakua programu mahali penye intaneti, uisakinishe, kisha zima mtandao kabisa na uifungue tena. Toleo la kompyuta la GeoGebra hufanya kazi bila intaneti, lakini lijaribu nyumbani, usilijaribu mbele ya wanafunzi. Kwa kompyuta kuukuu, chagua toleo jepesi la zamani, GeoGebra Classic 5.
- Kama shule haina kompyuta, angalia kishikwambi chako. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania viligawiwa kwa walimu baadaye, na GeoGebra ina programu ya vifaa vya Android.
- Ondoa mihimili na gridi kwenye uwanja wa kuchorea, na uzime mpangilio unaofanya nukta zinase kwenye gridi. Ukiuacha, nukta zitajipanga kwenye namba kamili, na wanafunzi wataona hali maalumu wakidhani ni hali ya kawaida.
- Kuza maandishi na unene wa mistari, kisha kaa dawati la nyuma uangalie kama unaona herufi.
- Buruta kila nukta mpaka mwisho wa skrini, ukiwa peke yako. Utagundua mahali mchoro unapofanya jambo usilolitarajia, na mara nyingi hapo ndipo penye somo.
- Nakili hali tatu za mchoro uleule kwenye karatasi ya manila. Umeme ukikatika, kipindi kinaendelea.

Kipindi cha kwanza: nukta za katikati za pande za pembenne

Walimu wengi huanza na jumla ya pembe za pembetatu. Ninashauri wasianze hapo, kwa sababu mwanafunzi anajua tangu shule ya msingi kwamba jibu ni 180°, na mtu haulizi sababu ya jambo alilolizoea. Anza na jambo asilolitarajia. Pierre Varignon, mwanahisabati Mfaransa, aliacha kanuni iliyochapishwa mwaka 1731 baada ya kifo chake: chukua pembenne yoyote, unganisha nukta za katikati ya pande zake kwa mfuatano, na utapata msambamba. Uzuri wake kwa mwalimu ni kwamba pembenne ya kuanzia inaweza kuwa mbaya kiasi chochote, na bado mpangilio unajitokeza ndani yake.

Chora pembenne. Waambie wanafunzi unachotaka kufanya na, kabla hujakifanya, kila mmoja aandike daftarini umbo analolitarajia. Usiruke hatua hii hata kama dakika zinakwenda. Mtu aliyeandika makisio ana jambo la kupoteza, kwa hiyo atatazama. Asiyeandika ataona picha ikipita. Kisha tumia kifaa cha programu cha kutafuta nukta ya katikati, unganisha nukta nne, na anza kuburuta. Sogeza kona moja nje, kisha ndani mpaka pembenne iingie tumbo, kisha ivushe upande wa pili mpaka pande mbili zikatane. Msambamba unabaki. Darasa likinyamaza, uliza: kwa nini?

Acha wahangaike kidogo, halafu chora mstari mmoja kutoka kona hadi kona inayoikabili. Pembenne imekuwa pembetatu mbili, na katika kila moja, mstari unaounganisha nukta za katikati za pande mbili ni sambamba na upande wa tatu na ni nusu ya urefu wake. Pande mbili za umbo la ndani zinafuata mstari uleule, kwa hiyo ni sambamba na ni sawa. Uthibitisho umekwisha kwa mistari mitatu ya maandishi, na safari hii unajibu swali ambalo darasa lenyewe limeliuliza. Wanafunzi wenye kasi wape kazi ya kubaki nayo: waburute mpaka umbo la ndani liwe mstatili, kisha waeleze pembenne ya nje ina sifa gani wakati huo. Watapata kwamba mistari yake ya kona kwa kona imekutana kwa pembemraba. Umbo la ndani likiwa na pande nne sawa, mistari hiyo ina urefu sawa.

Pembe za duara, mahali pa kutumia muda wako

Kama una nafasi ya kutumia programu hii mara moja tu kwa mwaka, itumie kwenye mada ya duara, ambayo nchini Tanzania imekuwa ikifundishwa Kidato cha Tatu. Mwanafunzi hupewa kanuni nne au tano kwa mfululizo: pembe ya kitovuni ni mara mbili ya ile ya kwenye mzingo, pembe za kwenye mzingo zinazokabili tao moja ni sawa, pembe katika nusu duara ni 90°, pembe zinazokabiliana za pembenne iliyo ndani ya duara zina jumla ya 180°. Anazikariri kama mambo manne yasiyojuana. Kwa mchoro unaosogea, zote ni tukio moja linaloonekana katika hatua zake mbalimbali.

1. Chora duara lenye kitovu O. Weka nukta A, B na P juu ya mzingo wake. Hakikisha zimeshikamana na duara: ziburute, zisitoke.
2. Unganisha OA, OB, PA na PB. Usipime kitu bado.
3. Uliza: P ikitembea kwenye tao kubwa kuelekea A, pembe APB itaongezeka, itapungua au itabaki? Kila mmoja aandike.
4. Buruta P polepole bila vipimo. Ruhusu mabishano. Jicho peke yake halitoshi kuamua, na hilo ndilo unalolitaka.
5. Sasa pima APB na AOB. Buruta tena.

Tuseme AOB ni 80°. APB inabaki 40° popote P inapokwenda kwenye tao kubwa. Kisha vusha P kupita A, iingie kwenye tao dogo. Kipimo kinaruka ghafla: kitasoma 140°, au 220° ikiwa hujaiagiza programu ipime kati ya 0° na 180°. Walimu wengi hushtuka hapa, wakarudisha nukta haraka mahali pake na kusema kompyuta imekosea. Haijakosea. Pembe ya kitovuni inayolikabili tao kubwa sasa ni ile ya upande wa pili, 280°, na nusu yake ni 140°. Kanuni ya kwanza imesimama vilevile, na papo hapo ile ya pembenne ndani ya duara imejitokeza, kwa kuwa 40° na 140° ni 180°. Ukisogeza A na B mpaka AB ipite kitovuni, AOB inakuwa 180° na APB inakuwa 90°. Kanuni nne zimetoka kwenye mchoro mmoja, ndani ya kipindi kimoja.

Baada ya hapo, weka kompyuta pembeni. Ubaoni, vuta mstari kutoka P kupita O. OA, OB na OP ni nusukipenyo, kwa hiyo kuna pembetatu pacha mbili, na pembe ya nje ya kila moja ni mara mbili ya pembe iliyo P. Zijumlishe. Darasa lililobishana kuhusu P litaufuata uthibitisho huu kwa hamu tofauti kabisa na lile lililousoma kitabuni.

Makosa yanayojirudia

- Kuweka nukta karibu na makutano badala ya kutumia kifaa cha makutano. Mchoro unaonekana sawa mpaka uburute, ndipo nukta inapoachwa nyuma. Angalia rangi: katika GeoGebra nukta huru ni ya bluu, na ile inayotegemea vitu vingine huwa nyeusi au kijivu cheusi.
- Kubofya nukta tatu za pembe kwa mpangilio usio sahihi. GeoGebra hupima kinyume cha mwendo wa saa. Ukienda upande mwingine, 60° itasomeka 300°.
- Kupuuza ukadiriaji wa desimali. Programu huonyesha desimali mbili, kwa hiyo pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa kwa mkono huweza kutoa 179.99° au 180.01°. Mwanafunzi makini ataliona. Mpongeze, kisha mweleze kwamba kilichokadiriwa ni maandishi ya kwenye skrini.
- Kuburuta haraka kama mtu anayeonyesha mazingaombwe. Simama kwenye hali za mpito: pembe inapokuwa pembemraba, nukta mbili zinapokutana, mistari inapokuwa sambamba.
- Kufungua faili lililojengwa na mtu mwingine usilolielewa. Jenga lako, hata liwe na mistari mitano tu.

"Wakishaona, hawataona haja ya kuthibitisha"

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Kama programu imeonyesha kwamba jambo ni kweli mara mia, mwanafunzi atauliza uthibitisho wa nini tena. Michael de Villiers wa Afrika Kusini, aliyeandika kwa miaka mingi kuhusu suala hili na kutoa kitabu cha Rethinking Proof with the Geometer's Sketchpad mwaka 1999, alilijibu kwa kukubali nusu yake. Ni kweli mwanafunzi ameshasadiki, na kumwambia athibitishe ili tuwe na uhakika ni kumwomba ajifanye hajui anachokijua. Kwa hiyo mwalimu aache kuuliza kama jambo ni kweli, aulize kwa nini ni kweli. Vipimo havina jibu la swali hilo. Skrini inaweza kusema 40° na 80° kutwa nzima bila kugusa zile pembetatu pacha mbili ambazo ndizo sababu. Mtu anayetafuta maelezo anakubali kwa urahisi kwamba uthibitisho ni aina ya maelezo.

Nusu nyingine ya pingamizi inahitaji mfano unaoumbua macho, na kila mwalimu awe nao tayari. Chora pembetatu pacha yenye kitako cha sm 3 na kimo cha sm 10. Gawa kitako sehemu tatu sawa, uunganishe na kona ya juu. Je, pembe ya juu imegawanyika mara tatu sawasawa? Ukiiagiza programu ionyeshe namba nzima tu, itasema 6°, 6°, 6°. Wengi watasema ndiyo. Rudisha desimali mbili: 5.67°, 5.72°, 5.67°. Sasa teremsha kona ya juu mpaka kimo kiwe sm 1: 29.74°, 53.13°, 29.74°. Hapo darasa zima linaona kwamba kipimo kinachokubaliana na makisio yako hakijakupa haki ya kutangaza kanuni, na kwamba kuburuta mpaka hali za mbali ni wajibu. Onyesha mfano huu mapema, ikiwezekana katika kipindi cha pili.

"Mtihani hauna kompyuta"

Ni kweli. Mtahiniwa huingia na kalamu, rula na bikari. Lakini tuangalie mbinu ya sasa imetupa nini: katika mitihani ya Kidato cha Nne ya Tanzania ya miaka ya 2018 hadi 2022, takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati. Sidai kwamba sababu ni ukosefu wa programu. Sababu ni nyingi, zikiwemo uhaba wa walimu na msingi dhaifu. Ninachodai ni kwamba kukariri kanuni za duara kwa mchoro mmoja uliosimama hakujawa njia salama inayostahili kulindwa. Swali la mtihani huja na mchoro uliogeuzwa, herufi zimebadilishwa, na mistari ya ziada imewekwa. Aliyeiona P ikizunguka ana nafasi ya kulitambua umbo ndani ya mchoro mgeni. Mpe maswali ya karatasi mara baada ya kila kipindi cha kompyuta, siku hiyohiyo, na umtake achore kwa mkono angalau hali mbili alizoziona.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma hisabati kwa Kiswahili mpaka darasa la saba anafika sekondari na kukutana na kila neno upya kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachomshinda ni sentensi, na jiometri yenyewe hajaifikia. Mchoro unaosogea unampa jambo la kuelewa kabla ya neno lake. Mwache akisie na abishane kwa Kiswahili. Kisha mwandike pamoja kanuni hiyo kwa Kiingereza cha mtihani, mkilinganisha kila neno na kile alichokiona kikitembea.

Kompyuta moja, wanafunzi wengi

Wengine husubiri mpaka shule ipate maabara yenye kompyuta kwa kila mwanafunzi. Nawashauri wasisubiri. Kwa kazi ninayoieleza, skrini moja ina nguvu yake, kwa kuwa darasa zima linabishana juu ya kitu kimoja. Kinachoharibu ni mwalimu kushika kipanya kipindi chote. Mpe mwanafunzi mmoja kipanya, na wengine wamwamuru: "Peleka P juu, rudisha, simama hapo." Badilisha mwanafunzi kila baada ya dakika chache, na usiwachague wale wanaojua kompyuta tu, kwa kuwa wasichana na wanafunzi wa madawati ya nyuma ndio huachwa nje mara nyingi. Kama hakuna projekta, gawa darasa kwa makundi: kundi moja likizunguka kompyuta au kishikwambi kwa dakika kumi, mengine yanachora hali zilezile kwa bikari na kupima, kisha yabadilishane. Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana vinatosha kwa makundi manne.

Wapi uiache

Usiitumie kufundisha ujenzi wa bikari kwa mara ya kwanza. Kugawa pembe kwa kubofya kitufe kimoja hakumfundishi mkono kazi ambayo mtihani utaidai, wala hakumwonyeshi mwanafunzi kwa nini matao mawili yaliyokatana yanaleta mstari wa katikati. Fundisha bikari kwanza, kisha ujenge hatua hizohizo kwenye programu kwa kutumia kifaa cha duara peke yake, ukiwa umekataza kile cha kugawa pembe moja kwa moja. Usiitumie pia pale ambapo makisio hayana mashaka, kama eneo la mstatili. Hapo inakula dakika bila kuzaa swali. Na ukiona umepanga kuitumia kwa wiki nzima mfululizo, punguza. Vipindi vitatu au vinne kwa muhula, kila kimoja kikiwa na makisio yaliyoandikwa, mabishano na uthibitisho wa ubaoni, vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Anza na pembenne ya Varignon, hifadhi faili lako kwenye flashi pamoja na programu yenyewe, na umpe nakala mwalimu wa mkondo wa pili.